Safari ya vibanja vya Kagera: ndizi ipi ni ya rubisi?

Ndugu msomaji, leo tusafiri pamoja. Tunakwenda mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Victoria. Huko tutatazama jambo moja: jinsi mkulima anavyochagua ndizi za kutengenezea pombe nyumbani kwake. Pombe hiyo inaitwa rubisi. Wahaya wenyewe husema olubisi.

Labda utasema, "Ndizi ni ndizi tu. Ikiiva, ikamue, uchachushe, unywe." Sivyo. Jaribu siku moja. Chukua mkungu wa ndizi nzuri za kupika. Uivishe, uzimenye, uzikamue. Utapata kitu kizito kama uji wa mtoto. Maji hayatoki. Utakuwa umepoteza chakula, na pombe hukupata.

Sasa chukua mkungu wa ndizi ambazo mama wa nyumba hawezi kuzitia chunguni, kwa sababu ni chungu na zinakaza ulimi. Uivishe, uzikamue. Maji yatatiririka, tena ni matamu na yanapendeza macho. Hili ni jambo la ajabu, lakini lina sababu yake. Tutafika huko. Kwanza tusafiri.

Njiani

Tukitoka Mwanza kwa basi, tunavuka ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi. Daraja hili lina urefu wa kilometa 3 hivi. Lilifunguliwa mwaka 2025. Zamani tulisubiri pantoni hapo, na siku nyingine tulisubiri mpaka tukala chakula cha mchana na cha jioni mahali pale pale. Sasa basi linapita moja kwa moja. Tunapita Geita, tunapita Chato, tunaingia wilaya ya Muleba.

Hapo Muleba nchi inabadilika. Nyuma yetu tumeacha mahindi, pamba na mihogo. Mbele yetu tunaona vilima vyenye nyasi, na katikati ya nyasi tunaona vipande vya kijani kibichi sana, kama visiwa. Hivyo visiwa ndivyo vijiji. Kila nyumba imefichwa na migomba. Ukiwa barabarani unaweza kudhani hakuna watu. Kumbe kuna watu wengi kabisa, wanakutazama.

Shamba hilo la migomba linaloizunguka nyumba linaitwa kibanja. Nchi ya nyasi iliyo nje inaitwa rweya. Udongo wa rweya ni maskini. Udongo wa kibanja una rutuba. Lakini usifikiri kwamba Mungu aliweka udongo mzuri vipande vipande. Rutuba ya kibanja imetengenezwa na watu. Kwa miaka mingi wamekata nyasi za rweya, wakazitandaza chini ya migomba. Wameleta samadi ya ng'ombe. Wameleta majivu na maganda. Babu alianza, baba akaendelea, mjukuu anaendelea. Kwa hiyo ukimwuliza mtu wa Kagera kuhusu kibanja chake, atakutajia kwanza nani alikuwa nacho kabla yake.

Mvua nayo husaidia. Karibu na ziwa, upande wa Bukoba, mvua hufika milimita 2,000 kwa mwaka na zaidi. Ukienda magharibi, upande wa Karagwe, hupungua mpaka nusu yake. Mgomba hupenda maji, kwa hiyo kando ya ziwa hustawi sana.

Pale Muleba tunaiacha barabara kubwa na kupanda kwenda Kamachumu. Ni juu, kuna baridi kidogo asubuhi. Barabara hii inashukia Muhutwe, kisha tunafika Kemondo, halafu Bukoba mjini. Mimi napenda njia hii kuliko ya chini, kwa sababu vibanja vinakuja mpaka karibu na barabara. Bwana Shamba akiwa ndani ya gari anaweza kukagua migomba bila kushuka. Lakini leo tunashuka.

Ndani ya kibanja

Ukiingia kibanja cha mtu, usianze kushika mikungu. Piga hodi, salimia wazee. "Shikamoo mzee." Ukijibiwa na kukaribishwa, unaweza kushukuru na kuongeza neno "waitu". Ni neno la heshima kwa Kihaya. Utaona uso wa mzee unafunguka.

Mwombe akuonyeshe aina za migomba yake. Usishangae ukiona aina kumi au zaidi katika kibanja kimoja. Kuna za kupika: nshakala, nchoncho, entobe, enyoya, na nyingine nyingi. Hizo ndizo chakula. Hupikwa pamoja na maharage, na mtu asipokula hizo kwa siku nzima husema hajala kitu. Kuna za kuchoma, yaani gonja. Kuna ndizi tamu za watoto. Halafu kuna za pombe. Zile za pombe zenye asili ya hapo hapo huitwa embire. Ndugu zetu wa Uganda huziita mbidde.

Kwa macho, mgomba wa embire unafanana sana na mgomba wa ndizi za kupika. Mgeni hawezi kuutofautisha. Hii si ajabu, kwa sababu ni ndugu. Watafiti wa migomba wa Uganda wamezigawa ndizi hizi za nchi za juu katika koo 5. Koo 4 ni za chakula, na ukoo mmoja ni wa pombe. Tena wakulima wa pande zote mbili za mpaka watakuambia kwamba mgomba huweza kugeuka. Umepanda mgomba wa chakula, umekula ndizi zake miaka mingi, halafu chipukizi moja linazaa mkungu mchungu. Limekuwa la pombe. Watafiti wanakubali kwamba jambo hili hutokea. Kwa hiyo jina la mgomba peke yake halitoshi. Lazima uijaribu ndizi yenyewe.

Jinsi ya kuijaribu

Mzee wa Kamachumu hafanyi haraka. Anachuma kidole kimoja cha ndizi iliyokomaa lakini haijaiva. Anakikata katikati kwa kisu kidogo. Anatazama. Ndizi ya pombe ina vidoa vidogo vya rangi ya kahawia ndani ya nyama yake, na vinanata ukivigusa. Ndizi ya chakula haina, nyama yake ni safi.

Kisha anaonja kwa ncha ya ulimi. Ndizi ya pombe ina ukakasi. Unajua ukakasi, ndugu msomaji. Ni kile kinachokaza ulimi ukila bibo la korosho au zambarau lisiloiva. Ndizi nyingi mbichi zina ukakasi kidogo. Lakini ndizi ya kawaida ikiiva, ukakasi huondoka. Embire ikiiva, utamu unaingia na ukakasi unabaki. Hivyo viwili vinakaa pamoja katika ndizi moja.

Ukakasi huo ndio siri yenyewe. Ndani ya ndizi iliyoiva kuna sukari, kuna maji, na kuna vitu vinavyonata vinavyoshika maji hayo yasitoke. Ukiikamua ndizi ya kupika, vile vinavyonata hubaki vimechanganyika na maji, ndiyo maana unapata uji. Ukiikamua embire, ule ukakasi huvikamata vile vinavyonata na kuviganda pamoja kama mapumba. Maji yanabaki huru. Yanachuruzika. Kwa hiyo kile kinachomfanya mama aikatae ndizi hii jikoni, hicho hicho ndicho kinachoifaa pipani.

Si ndizi peke yake. Huko Uingereza na Ufaransa watu wengi wa vijijini hutengeneza pombe ya matofaa. Wana matofaa ya kula na matofaa ya pombe. Yale ya pombe yaliyo bora, ukiyauma utayatema, kwa kuwa yana ukakasi na uchungu au uchachu mkali. Waingereza walifungua kituo cha kuchunguza matofaa hayo mwaka 1903, huko Long Ashton karibu na mji wa Bristol. Wataalamu wa kituo hicho waliyagawa matofaa ya pombe kwa vipimo viwili tu: uchachu wake na ukakasi wake. Mzee wetu wa Kamachumu hakusoma Long Ashton. Lakini ulimi wake unapima kitu kile kile.

Wachaga wa Kilimanjaro nao wanautafuta uchungu, ila kwa njia nyingine. Mbege yao ni ya ndizi na kimea cha ulezi, na uchungu wanautoa katika magome ya mti uitwao msesewe. Wao wanaongeza uchungu kutoka nje. Mhaya anautafuta ndani ya ndizi yenyewe.

Kukomaa, kisha kuiva

Umepata mkungu wa embire. Usiukate kabla haujakomaa. Ndizi changa ina wanga kidogo, na wanga ndio unaogeuka kuwa sukari wakati wa kuiva. Sukari ndiyo inayogeuka kuwa kileo. Pasipo wanga wa kutosha hakuna utamu, na pasipo utamu hakuna pombe. Tazama vidole: vikiwa bado na kona kali, ngoja. Vikijaa na kona zikiwa za mviringo, kata.

Halafu ivisha. Wengine huitundika mikungu juu ya meko kwenye dari la fito, ipate joto na moshi. Wengine huchimba shimo, hulipasha moto, hulitandika majani ya mgomba, huipanga mikungu ndani na kuifunika kwa majani na udongo. Siku 4 mpaka 6 zinatosha, kutegemea hali ya hewa. Kufunika kuna maana yake. Ndizi inayoiva hutoa hewa inayoiivisha jirani yake. Ukizifungia pamoja, zote huiva siku moja. Ukiziacha wazi, nusu itaoza huku nusu bado ni ngumu.

Kukamua ni kazi ya nguvu, na mara nyingi hufanywa na wanaume. Ndizi zilizomenywa huwekwa katika mtumbwi wa mbao uliochongwa kutoka gogo moja. Juu yake hutiwa nyasi ngumu. Kisha watu hukanyaga kwa miguu au hukanda kwa mikono. Nyasi husaidia kuvunja ndizi na kuyachuja maji. Maji ya kwanza ni matamu sana. Watoto hupewa kikombe, na ni haki yao, kwa sababu hayajawa pombe bado.

Hapa nisimame kidogo kama mtumishi wa serikali. Miguu ioshwe kwa sabuni. Mtumbwi uoshwe. Maji ya kuongeza yachemshwe, kisha yapoe. Rubisi haipikwi jikoni kama pombe nyingine. Uchafu utakaoutia leo utaunywa kesho. Nimeona mahali watu wanaosha miguu baada ya kukanyaga. Hiyo ni kinyume.

Maji ya ndizi yakishachujwa, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtama huo huipa pombe rangi na ladha yake. Kisha mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa mahali penye joto. Kesho yake imekuwa rubisi. Ni pombe ya siku moja. Ikikaa siku kadhaa inageuka kuwa siki, kwa hiyo watu hualikana. Ndiyo sababu rubisi ni kinywaji cha harusi, cha msiba, cha kusaidiana kazi. Mtu hawezi kuificha chumbani mwaka mzima.

Kuna watu wanaoichukua rubisi na kuipika tena ili wakusanye mvuke wake, wapate gongo. Usifanye hivyo. Sheria inakataza, na gongo la vichochoroni limewapofusha watu na kuwaua. Mimi nazungumzia rubisi tu.

Mgeni mgumu

Sasa tushuke mpaka Kemondo, tukaangalie migomba ya pembeni. Namaanisha ile iliyo mwisho wa kibanja, inapoanza rweya, ambako samadi haifiki. Hapo utaona migomba mirefu, myembamba, yenye nguvu. Hii ni kayinja. Si ya ukoo wa embire. Asili yake ni Asia, na ilifika kwetu baadaye sana kuliko ndizi za nchi za juu. Wakulima waliipenda kwa sababu moja kubwa: haisumbui. Udongo maskini inavumilia. Jua inavumilia. Hata usipoipalilia mwaka mzima, utakuta mikungu. Na ndizi zake zinatoa maji mengi, matamu. Kuna na nyingine iitwayo kisubi, yenye vidole vidogo, nayo ni ya pombe.

Kwa hiyo palipokuwa na embire, watu wengi wamepanda kayinja. Embire inataka kutunzwa kama ndizi ya chakula. Inataka nyasi, inataka samadi. Mtu anajiuliza, "Kwa nini nitie samadi kwenye pombe?" Ni swali la haki. Lakini sikiliza upande wa pili.

Mwaka 2001 ugonjwa mpya wa migomba ulionekana Uganda. Kabla ya hapo ulijulikana Ethiopia tu. Ulivuka mipaka, na tangu mwaka 2006 tunao Kagera. Unaitwa mnyauko bakteria wa migomba. Bakteria ni vijidudu vidogo sana, havionekani kwa macho. Vinaingia ndani ya mgomba na kuziba njia za maji. Majani hugeuka manjano na kunyauka kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, tena bila mpango: kidole kimoja cha manjano, jirani yake kijani. Ukikata kidole, ndani kuna rangi ya kutu. Ukikata shina na kungoja kidogo, utaona matone ya ute wa manjano kama usaha. Mgomba ulioshikwa hauponi. Hakuna dawa ya kuunyunyizia.

Ugonjwa huu unaingiaje? Njia moja ni panga. Umekata mgomba mgonjwa, ukaenda kukata mzima kwa panga lile lile. Njia ya pili ni miche, yaani kuchukua machipukizi kwenye shamba lenye ugonjwa. Njia ya tatu ni wadudu. Nyuki na wadudu wengine huja kunywa utamu kwenye ua jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu. Ua hilo tunaliita ua dume. Magamba na maua madogo yakianguka, yanaacha vidonda vibichi. Mdudu aliyetoka kwenye mgomba mgonjwa anatua hapo, na ugonjwa unaingia.

Kayinja inaangusha magamba yake na kuacha vidonda vingi vilivyo wazi. Wadudu wanaipenda. Kwa hiyo ndiyo inayoshikwa upesi kwa njia hii. Na kwa kuwa iko pembeni, na kwa kuwa haisumbui, hakuna anayekwenda kuiangalia. Inaugua peke yake. Wadudu wanatoka huko wanakuja kwenye nshakala iliyo karibu na mlango wa jikoni. Mtu anashangaa: "Mbona ninatunza kibanja changu vizuri, ugonjwa umetoka wapi?" Umetoka kwenye pombe yake.

Naliona jambo hili kila ninapotembea, na ndilo lililonifanya niandike. Anayechagua ndizi ya rubisi anachagua pia hatari iliyo ndani ya kibanja chake. Mimi sikwambii ung'oe kayinja. Watu wanaitegemea, na pesa ya ada za shule za watoto wengi imetoka humo. Lakini nasema wazi, nikipewa nafasi ya mgomba mmoja wa pombe karibu na nyumba, nitapanda embire. Nitakuwa naipita kila siku, naitazama, na hata embire inaweza kuugua nisipoitazama. Kayinja ikae mbali na migomba ya chakula, na iwe na mtu wa kuitembelea.

Kijiti chenye panda

Kazi ya kuitembelea si ngumu. Unahitaji kijiti kirefu chenye panda mwishoni, kama manati. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya.

Mkungu ukitoka, vichane hufunguka kimoja kimoja kuanzia juu. Ngoja mpaka kichane cha mwisho kitoke. Usingoje zaidi. Ingiza panda ya kijiti kwenye kikonyo, chini kidogo ya kichane hicho, kisha zungusha. Ua dume litavunjika na kuanguka. Basi. Mdudu akija hana cha kufuata. Na ndizi zilizobaki hujaa vizuri, maana chakula cha mgomba hakipotei kwenye ua.

Usitumie kisu wala panga kuukata. Watu wengi wanafanya hivyo kwa kuwa ni haraka. Kisu kinabeba ugonjwa kutoka ua moja hadi jingine, na utakuwa umeupanda ugonjwa shamba zima kwa mkono wako. Kijiti huvunja bila kukata, kwa hiyo hakuna chuma kinachopita kutoka mgomba hadi mgomba.

Mgomba ukishaugua, zamani tulikuwa tunasema ng'oa shina lote na watoto wake wote. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na wazee wengi waliiacha kwa sababu hawana nguvu. Utafiti uliofuata umeonyesha njia nyepesi. Kata ule mmoja tu ulionyauka, usawa wa ardhi. Kisha lipitishe panga kwenye moto mpaka liwe la moto sana, ndipo uguse mgomba mwingine. Wale wengine wa shina hilo waache, lakini rudi kila wiki utazame. Ukiona dalili, kata tena. Ukifanya hivyo bila kukosa, ugonjwa hupungua sana. Ukifanya mara moja na kuacha, umepoteza muda wako. Majirani nao wafanye pamoja nawe, kwa sababu nyuki hajui mpaka wa kibanja.

Mbuzi na ng'ombe wasilishwe majani ya mgomba mgonjwa. Miche inunuliwe au iombwe mahali panapojulikana kuwa pazima. Maruku, nje kidogo ya mji wa Bukoba, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulika na migomba. Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako atakuelekeza miche mizima inapatikana wapi.

Na mkungu ulioiva mapema kwa ugonjwa usiupeleke kwenye mtumbwi wa rubisi. Najua unavutia. Ni wa manjano, na huna haja ya kuuchimbia shimo. Lakini haukuiva, umeugua. Kata kidole kimoja utazame, kama yule mzee wa Kamachumu. Vidoa vidogo vya kahawia vinavyonata katika ndizi mbichi iliyokomaa ni dalili ya embire nzuri. Rangi ya kutu iliyotambaa katika nyama yote ya ndizi ni mnyauko. Dalili hizi mbili zisikuchanganye.

Liko jambo moja zaidi, nalo liko barabarani. Simama pale Muhutwe siku ya soko. Utaona baiskeli na pikipiki zimebeba mikungu ya kayinja mpaka dereva haonekani. Wanunuzi wanaizungusha kijiji hadi kijiji kwa watengenezaji wa rubisi. Mikungu imefungwa kwa majani mabichi ya mgomba isichubuke, na mara nyingine ua dume bado linaning'inia. Wakifika, majani hutupwa palipo karibu, na palipo karibu ni ndani ya kibanja cha mtu. Kama majani yalitoka kwenye shamba lenye mnyauko, yamekuja na mnyauko wake. Kwa hiyo mnunuzi akija kwako, muuzie mikungu isiyo na majani wala ua, na umkatie nyasi za rweya azifungie mzigo wake.